Wimbo Uliotupwa Makutupora

Sechelela amekufa, na sasa hakuna tena wa kunisitiri. Tulimzika hapa Hombolo mwezi uliopita, upande wa juu wa bwawa, kwenye ardhi ngumu iliyowavunjia vijana majembe mawili. Watu walinipa kiti cha mbele, wakaniita Mwalimu Eseta, wakasema maneno mazuri juu ya urafiki wetu wa zaidi ya miaka hamsini, nami nikainamisha kichwa kama mtu anayestahili. Sikustahili. Msomaji aliyenifuata tangu mwanzo wa kitabu hiki ameshaniona nikijisifu hapa na pale kwa shule nilizofundisha, na huenda amejiuliza mbona nimeruka mwaka mmoja mzima, ule ambao Wajerumani walikuwa wamekalia nchi na reli yao inakaribia Dodoma. Niliuruka kwa makusudi. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani, nawaachia wanaozipenda. Mimi nataka kusema habari za mwaka ule tu, na jambo nililomtendea mwenzangu kwa ajili ya shule moja kubwa ambayo sijaiona kwa macho mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, nimeolewa karibuni, nakaa katika tembe la baba mkwe, mwendo wa asubuhi nzima mashariki ya mbuga ya Makutupora. Msomaji aliyezaliwa chini ya bati huenda halijui tembe: ni nyumba ndefu ya udongo, paa lake bapa, inayozunguka zizi pande zote, na ndani kuna giza la moshi hata saa sita mchana. Upande wetu ulikuwa na vyumba vitatu: changu, cha Sechelela, na katikati kile cha jiwe la kusagia. Sechelela alikuwa mke wa kaka wa mume wangu. Alinizidi miaka sita hivi, alikuwa na watoto wawili tayari. Nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Waume zetu walikuwa wamekwenda kwenye kazi ya reli, tukabaki na wakwe, na ugali wa uwele, na mlenda wa kila siku. Asubuhi niliamshwa na jiwe lake. Alisaga huku anaimba, na wanaume waliokuwa wakikamua zizini walipunguza maneno bila kuambiwa. Siku moja mama mkwe, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu mtu, alisimama mlangoni na kibuyu mkononi akasema, "Huyu akinyamaza, unga hautalainika." Tukacheka mpaka Sechelela akamwaga uwele. Furaha hiyo ingenitosha, kama ningekuwa mtu wa kutosheka.

Lakini mimi nilikuwa nimeonja herufi. Kabla ya kuolewa nilisoma misheni miaka mitatu, nikajua Kiswahili na kusoma na kuandika, na ndani ya tembe lile ujuzi huo haukuwa na kazi yoyote. Nilisoma chapa iliyopigwa kwenye pindo la kaniki yangu mpaka ikafutika kwa kufuliwa. Ndipo akaja mzungu mmoja, akapiga mahema yake ng'ambo ya korongo. Hakuwa askari, wala padri, wala mtu wa reli. Wazee walipomuuliza mpishi wake, Omari, Mrangi wa Kondoa mwenye kofia nyeupe na ulimi mrefu, bwana wake anataka nini, Omari alijibu, "Anataka maneno." Maneno gani? "Yoyote. Hata ukimtukana anaandika, halafu anakushukuru." Watu walimpa jina la Bwana Masikio, kwa sababu mtu akisema naye aliinamisha kichwa na kukinga sikio kwa kiganja. Kiswahili alikijua, cha vitabuni, kimenyooka mno. Kigogo hakukijua, naye alihitaji mtu wa kumfasiria anayeweza pia kuandika. Baba mkwe alikubali niende kwa kuwa sikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Mama mkwe akaweka sharti: mlango wa hema uachwe wazi, na Omari apikie mahali anapoweza kuniona.

Hema lile naweza kulichora hata leo. Meza ya kukunja, viti viwili vya turubai, sanduku la bati lenye daftari, harufu ya nta na kahawa. Omari alioka mkate ndani ya sufuria iliyofunikwa makaa, akaniletea kipande na chai ya maziwa ya kopo, akisema, "Kula, mwanangu. Mwenzio huyu anakula maneno yako, na wewe kula mkate wake." Bwana Masikio aliniuliza jina la kila kitu: mti, ugonjwa, rangi za ng'ombe, namna za mvua. Wagogo tuna majina mengi ya rangi za ng'ombe, na siku tulipofika katikati yake aliweka kalamu chini akacheka kwa raha. Nitasema wazi kilichonipata. Si kile kiti kilichonivuta, wala mkate. Mtu huyu aliniuliza swali, kisha akanyamaza kungoja jibu. Nilikuwa sijawahi kuona hilo. Nyumbani niliulizwa maswali ambayo jibu lake ni kuinuka na kwenda kuchota maji. Hapa nilifikiri, naye akangoja, na nikisema amekosea alikata alichoandika. Nilianza kuamka mapema kuliko jiwe la Sechelela ili nimalize kazi nivuke korongo.

Siku moja baada ya chakula nilimuuliza maneno yote hayo anayapeleka wapi. Akanieleza shule yake. Hakuiita shule; alisema neno la kwao, refu, na leo ndiyo tunasema chuo kikuu. Aliipanga mezani kwa vyombo tulivyolia chakula. Kopo la maziwa likawa nyumba ya vitabu, ambamo mtu akianza kusoma angali mtoto anakufa mzee bila kumaliza ukuta mmoja. Sahani ikawa bustani yenye paa la kioo, ambamo miti ya nchi zenye joto inawashiwa moto isife kwa baridi. Kijiko kikawa nyumba ambayo paa lake hufunguka watu wakapima nyota. Chupa ya kwinini, hospitali ambamo wagonjwa wanatibiwa huku wanafunzi wamesimama wanatazama. Ganda la mkate, nyumba ya mifupa na ngozi za wanyama wote wa dunia. Yote hayo, alisema, ni mali ya serikali, si ya padri wala ya tajiri, na mtoto wa seremala anaweza kuingia akifaulu. Kila mwalimu ana jambo lake moja. Yupo mmoja ambaye kwa miaka thelathini hakushughulika na kingine ila minyoo. "Thelathini?" nikasema. "Mkewe anasemaje?" Bwana Masikio akasema hajawahi kumuuliza. Mwisho aliweka kibiriti chini ya meza, kwenye mchanga, akasema hicho ni chumba cha chini, ambamo sasa wameanza kuweka sauti za watu, ili watakaozaliwa baada ya miaka mia wazisikie. Hapo Omari akaja na beseni. "Samahani, Bwana," akasema, "shule yako naiosha sasa hivi."

Bwana Masikio alikuwa na kovu refu shavuni. Wazee walidhani chui. Alipoeleza kwamba alikatwa kwa upanga na mwanafunzi mwenzake, kwa desturi, na kwamba huko kwao kijana msomi huona fahari kuwa na alama hiyo, wazee walitazamana, wakagusa makovu ya mviringo kwenye vipaji vya nyuso zao, wakaridhika naye kabisa. Kumbe na hawa wana jando lao. Mimi nilitaka kujua jambo jingine. "Wanawake wamo?" Akasema wamo, wachache, tangu juzijuzi tu, wamekaa benchi moja na wanaume na wanaandika mambo yaleyale. Nikamwomba arudie. Usiku ule na siku nyingi zilizofuata niliwawaza hao wanawake, sijui majina yao wala nyuso zao, nikawaonea wivu. Mjukuu wangu yupo chuo kikuu sasa, kule pwani, na alipokuja likizo akinieleza maktaba na maabara na walimu wabishi, nilimsikiliza kwa furaha ya kweli, kisha nikamuuliza kama kuna chumba cha chini. Akasema labda, hajakiona. Sitaki anielewe vibaya, wala msomaji. Sina ugomvi na elimu. Imenilisha maisha yangu yote. Nasema tu kwamba nilipoitamani sikutazama nakanyaga nini.

Mvua ilichelewa mwaka ule, na ng'ombe wakaanza kukohoa na kulala. Mama mkwe na wanawake wakubwa wa jirani wakakata shauri kwamba nchi imeingiwa na upepo mbaya, tunaouita mbeho, na lazima wanawake wakautupe. Desturi hii ni yetu wenyewe. Siku hiyo wanaume wanakaa ndani na watoto. Wanawake wanavaa nguo za waume zao, wanashika mikuki na fimbo, wanachunga ng'ombe, wanatukana njiani kama wanaume, na wote wanakwenda magharibi mpaka mpakani, kwetu sisi ukingo wa kinamasi cha mbuga ya Makutupora, ambako ule upepo unatupwa majini. Nilikwenda nao. Sechelela alitangulia akiwa amejifunga mgolole wa mumewe, akiongoza wimbo, nasi tukamwitikia njia nzima. Wimbo huo una masharti matatu, na kila mwanamke anayajua: mwanamume asiusikie, ukishatupwa usigeuke nyuma, na usiuimbe tena mpaka siku nchi itakapougua upya. Unakwenda na uchafu wake, kama maji ya kuoshea mgonjwa. Tulirudi kimya, miguu imejaa tope, na ninakumbuka nilijisikia mwepesi.

Kesho yake nilimweleza Bwana Masikio, na nilieleza vizuri, kwa maana nilitaka kumfurahisha. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akasema katika nchi zote alizopita hajasikia jambo kama hilo, na kama angepata wimbo huo, chumba cha chini kisingekuwa na kitu cha kuushinda. Ningesema haiwezekani, angekubali. Mara mbili kabla ya hapo nilimkatalia jambo na hakunibishia. Nilisema nitajaribu. Yeye naye akasema kwamba katika kitabu atakachokipeleka shuleni ataandika jina langu, Eseta, kuwa ndiye mwalimu wake, na ataniachia barua kwa bwana mkubwa wa serikali nipewe kazi ya kufundisha. Nilimwambia huo ni wimbo wa wanawake. Sikumwambia kwamba mwanamume haruhusiwi kuusikia, maana nilijua angeacha.

Nilimkuta Sechelela kwenye jiwe.

"Dada, Bwana anataka kukusikia."

"Si nasaga kila siku? Aje asimame mlangoni, masikio yenyewe anayo."

"Si wa kusagia. Ule wa Makutupora."

Akaacha jiwe. "Ule umeshatupwa, mdogo wangu."

Nikamweleza lile sanduku lenye pembe kama baragumu, ambalo Bwana alitumia kunasa sauti za watu. Alikuwa amelisikia likitoa sauti ya mzee mmoja na zeze lake. Nikamweleza vile vyombo vya nta ambamo sauti hukaa, kila kimoja kama kikombe kisicho na kitako, na jinsi nilivyomwona Bwana kwa macho yangu akikikwangua kimoja kilichoharibika, nta ikaanguka chini nyembamba kama nywele, kikawa kitupu. Hilo lilikuwa kweli. Kisha nikaongeza, "Atakusikia mara moja, halafu ataukwangua. Hautakaa." Hilo lilikuwa uongo, nami nilijua hivyo wakati nalisema.

"Na yeye si mwanamume?"

"Mwanamume wa wapi? Upepo wa kwetu haumjui."

Alifikiri, mkono wake umelala juu ya uwele. "Na mimi nitajisikia?"

"Utajisikia."

Tukaenda saa za mchana watu walipokuwa mashambani. Omari alimletea Sechelela kikombe cha maji, kisha akajitenga, maana mtu yule alikuwa na adabu kuliko mimi. Sechelela akapiga magoti mbele ya ile pembe, akasita, akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa kumhimiza. Akaimba wote, tangu mwanzo mpaka mahali tunapofika majini. Bwana alipourudisha na sauti ikatoka sandukuni, Sechelela aliziba kinywa kwa mikono miwili, macho yakamtoka, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo mimi huyu?" Alitaka kusikia tena, akasikia tena. Baadaye Bwana akakiweka kile kikombe ndani ya kopo lenye pamba, akaandika juu ya kifuniko. Njiani nikamwambia, bila kuulizwa, "Kesho atakikwangua." Akasema, "Haya," huku anatazama njia.

Wiki chache baadaye kambi ilivunjwa. Bwana Masikio akataka kuwaaga wazee kwa heshima, akawaita alasiri, wakaja na pombe yao. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma karibu na vibuyu, mimi nikasimama kando ya Bwana kumfasiria. Akasema sauti za nchi hii hazitapotea. Zinakwenda kuwekwa katika shule kubwa pamoja na sauti za mataifa, na walimu watazisikiliza wamevua kofia. Nikafasiri, wazee wakaguna kwa kuridhika. Akawasikilizisha zeze, watu wakacheka. Kisha akanyoosha mkono kwenye kopo la pili. Nilisoma maandishi ya kifuniko. Nilikuwa karibu kiasi cha kumshika mkono wa shati. "Bwana, hapana": maneno mawili tu, nami nilikuwa ndiye mtu pekee pale mwenye kazi ya kusema. Lakini kumzuia kungenilazimu kueleza, na kueleza kungenifichua mimi. Nikakaa kimya, na sauti ya Sechelela ikatoka ndani ya pembe mbele ya wanaume wote.

Kwanza hawakuelewa. Kisha baba mkwe akaziba masikio kwa viganja, mzee wa pili akainuka ghafla akaangusha kibuyu, na wanaume wakaondoka wote kwa pamoja, wazee wenye fimbo wakikimbia. "Hawapendi?" Bwana akaniuliza. "Bwana, zima," alisema Omari. "Zima, zima." Wanawake hawakuondoka. Walikuwa wamemgeukia Sechelela, ambaye alikuwa ameshika kata ya pombe, wala hakuiweka chini. Aliniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja niseme kitu, na mimi nikaanza kukunja turubai la kiti.

Mama mkwe alituita wote kwenye chumba cha jiwe. Tulibanana wanawake kama kumi na wawili, moshi unatutoa machozi. Akasimama mbele ya Sechelela. "Nani aliyekupeleka kule?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ungo mkononi. Sechelela hakugeuza kichwa. "Nilikwenda kwa miguu yangu, mama."

"Miguu yako ilijuaje njia ya hema?"

"Korongo ni moja tu."

Mama mkwe alinitazama mimi. Najua alijua. Mwanamke yule angeweza kunitoa kwa neno moja, lakini alitaka nijitoe mwenyewe, akanipa muda wa kutosha, na mimi nikapepeta ungo uliokuwa mtupu. Nilikuwa sina mtoto, nimetoka misheni, mume yuko mbali. Wangenirudisha kwetu, na barua ya Bwana ingekuwa karatasi tu. Ndivyo nilivyojitetea moyoni. Sechelela akatozwa kondoo mweusi wa kutakasa nchi, na wimbo ukaondolewa kinywani mwake kwa maisha yake yote. Safari ya kwenda mpakani ikabidi irudiwe. Mwanamke mwingine akaongoza, vibaya, na Sechelela akatembea wa mwisho, mdomo wake umejazwa maji tangu nyumbani ili asiweze kuimba wala kusema, mpaka Makutupora, akayatema mbugani. Ni mwendo wa asubuhi nzima. Nilitembea hatua chache mbele yake na shingo ikaniuma kwa kujizuia kugeuka.

Kabla msafara haujaondoka, Bwana Masikio aliniuliza amekosa nini, na hapo tu nikamweleza sharti la wanaume. Akakaa juu ya sanduku, akajipangusa uso. "Ungeniambia," akasema. Ni kweli, ningemwambia. Nikamwomba basi akikwangue kile kikombe. Akalitazama kopo, akasema hawezi, si chake tena, ni cha shule. Alikuwa mtu mpole, sikumwona akimpiga hamali hata mara moja, naye alisema hivyo kwa huzuni halisi, huku anaongeza pamba. Barua yangu akaniandikia. Omari alipita karibu nami na masufuria yake begani, yeye ambaye kila siku alikuwa na neno, akaniambia tu, "Kwaheri, bibi." Tangu nimjue alikuwa akiniita mwanangu.

Barua ilifanya kazi. Kwa barua ile nilipata darasa langu la kwanza, na kwa darasa lile nikapata la pili, na mengine nimeyaeleza katika sura zilizopita kana kwamba niliyapata kwa akili yangu. Sechelela hakukatazwa nyimbo za kusagia, wala za kubembelezea watoto, wala za kanisani alipobatizwa baadaye. Aliziacha mwenyewe. Kesho yake ya kurudi kutoka Makutupora niliamshwa na jiwe peke yake, likikwaruza, na nikalala nikingoja sauti ianze. Haikuanza kesho yake, wala mwaka uliofuata. Alizaa watoto wengine wanne akawalaza kwa kuwapigapiga mgongoni. Mimi nilipojifungua alikuwa wa kwanza kufika, akaniosha, akanipikia uji, hakunitupia hata neno moja la kunichoma. Nilitamani anitukane. Mara ngapi nilifunga safari kwenda kwake niungame, nikaishia kumuulizia kuku wake! Miaka ilipita hivyo, vita viwili na njaa na Uhuru, na sisi wawili tukawa vikongwe ambao watu huwapisha njia.

Alipougua mwisho nilikwenda. Alikuwa kitandani kwa binti yake Nyemo, amebaki mifupa, lakini akili ilikuwa timamu. Tuliamkiana, "Mbukwa," "Mbukwa," nikangoja Nyemo atoke, nikasema yote kwa mkupuo. Nilimwambia nilijua hakitakwanguliwa. Nilimwambia nilimdanganya.

"Ulidhani sikujua?" akasema.

Nikainama nimsikie vizuri.

"Nilimwona akikifunga kwa pamba. Nimefunga mbegu maisha yangu yote, Eseta. Mtu hafungi hivyo kitu cha kutupa." Akapumzika kidogo. "Hata kabla ya hapo nilijua. Nilitaka kujisikia. Nikasema moyoni, basi, na kikae. Uongo wako ulinifaa."

"Sasa dada, miaka yote hii..."

"Siku ile kwa mama mkwe nilikungoja. Sikutaka uchukue kosa. Nilitaka usimame karibu yangu tu, tuwe wawili. Nilikungoja tena njiani, maji yakiwa mdomoni, nikasema labda atapunguza mwendo." Akageuzia uso ukutani. "Hukupunguza."

Nilimshika mkono, akaniachia niushike. Sikumwomba msamaha kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa dogo. Alikufa siku ya tisa baada ya hapo.

Baada ya maziko tulikaa uani, wanawake peke yetu, na wasichana wakaanza kuimba nyimbo za msiba. Nyemo alisogea karibu nami. Yeye naye ni bibi sasa. Akasema, "Mama mdogo, kuna wazee wanasema eti mama alikuwa mwimbaji. Sisi watoto wake hatujamsikia hata siku moja. Ni kweli?" Na wadogo zake wakageuka, na wajukuu wakaacha kuimba. Nikawaeleza. Sikuficha hema, wala uongo, wala ungo mtupu, wala ule mwendo wa Makutupora. Wapo walionyanyuka wakaenda ndani, na sitawalaumu. Nyemo hakuondoka. Alikaa amekunja mikono mapajani mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Ilikuwaje, hiyo sauti?"

Nimefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika tangu ujana wangu. Niliwahi kusifiwa na msomi wa shule kubwa kwa kujua majina ya kila kitu. Nilitafuta. Nilisema ilikuwa nzuri, na nikaona haya kwa neno hilo. Nikasema wanaume walikuwa wakinyamaza zizini, na Nyemo akaitikia kwa kichwa polepole, akingoja. Basi nikaanza wimbo wake wa kusagia, ule wa asubuhi, ili japo waonje. Niliimba mstari mzima mbele ya wanawe na wajukuu wake, na kilichotoka kilikuwa sauti yangu mimi.